Jahazi Katika Nchi ya Milima: Huduma za Simu na Majina Yake Kisii na Nyamira

Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mkaazi wa Nyamira atakaye kuiona bahari yenyewe hana budi kusafiri mamia ya kilomita hadi Mombasa. Wazee wengi wa huko hawajapata kuona jahazi likitweka tanga. Hata hivyo, jahazi limo vinywani mwao. Aliyeishiwa na salio la simu huomba Okoa Jahazi, na aliyepungukiwa na karo ya mtoto hubisha hodi kwa M-Shwari. Jahazi na shwari ni maneno ya mabaharia, nayo yameipanda milima ya Manga bila kulipa nauli.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi baadhi ya huduma wanazopewa wateja wa mitandao ya simu zinavyofanya kazi, kwa kuangalia matumizi yake katika kaunti za Kisii na Nyamira. Pia yanauliza swali linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili: je, majina hayo ya Kiswahili yanamweleza mteja anachokinunua, au yanamfunika macho?

Tuanze na chombo chenyewe. Darasani tulifundishwa kukiita rununu. Watanzania wamezoea kukiita simu ya mkononi. Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii ni simu tu, na ile ndogo yenye tochi ni "mulika mwizi". Sitaki kuufufua mjadala huo wa istilahi hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba wakati wataalamu walipokuwa wakibishana kuhusu jina la chombo, makampuni yalikuwa yakizibatiza huduma zilizomo ndani yake, na ubatizo wao ndio ulioshika.

Mwaka 2000 ndio ulioleta mageuzi makubwa nchini Kenya. Vodafone ya Uingereza iliingia Safaricom kwa hisa 40 kwa mia, na KenCell ikaanza kazi kama mshindani. (KenCell ndiyo iliyogeuka Celtel mwaka 2004, Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, mteja aliyeanza nayo amehamishwa majina mara tatu bila kuhama namba.) Salio lilinunuliwa kwa kadi za kukwangua, na wengi hawakuwa na uwezo wa kukwangua kila siku. Basi wakabuni njia yao: unampigia mwenzako, inalia mara moja, unakata. Huko ndiko "kuflashi". Makampuni yaliiona hila hiyo na badala ya kupambana nayo yakaifanya kuwa huduma: ujumbe mfupi wa bure unaomwomba mwenye salio apige.

Mwaka 2005 ikaja Sambaza, huduma ya kumhamishia mwenzako sehemu ya salio lako. Hapa Kiswahili kilifanya kazi nzuri mno. Kusambaza ni kueneza kitu kutoka mahali kilipo hadi kwingine, na huduma yenyewe inafanya hivyohivyo. Wateja nao wakakinyambua kitenzi hicho bila kungoja idhini ya mtu: "nisambazie mia", "amenisambazia", "tumesambaziana". Kisha wakakigeuza nomino: "nitumie sambaza". Mwalimu wa mofolojia akitafuta mfano wa neno lililobadilisha kategoria mbele ya macho yetu, asiende mbali.

M-Pesa iliyozinduliwa tarehe 6 Machi 2007 inajulikana mno kiasi kwamba wengi hawaulizi inafanyaje kazi. Ilianza kama jaribio mnamo Oktoba 2005, likihusisha shirika la Faulu Kenya, na kusudi lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa madeni yao kwa simu. Wakopaji wakaonyesha kwamba walichotaka zaidi ni kutumiana pesa. Hapo kampuni ikageuza nia, ikaitangaza kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Kwa Mgusii aliyeajiriwa Nairobi au katika mashamba ya chai ya Kericho, neno "nyumbani" halikuhitaji ufafanuzi. Kabla ya hapo aliwategemea dereva wa basi, hawala ya posta, au jirani anayekwenda likizo, na kila mmoja wao aliweza kuchelewa au kupotea.

Utaratibu wake ni huu. Unapoweka pesa kwa wakala, wakala hakutumii noti zako kwa njia yoyote ya kimiujiza. Yeye amekwisha kununua akiba ya pesa za kielektroniki kutoka kwa kampuni. Anapokea noti zako, anapunguza akiba yake, na simu yako inaongezeka kiasi hichohicho. Pesa taslimu zinazolingana na salio la wateja wote huhifadhiwa katika akaunti za amana kwenye benki. Anayetoa pesa hufanya kinyume chake: akiba ya wakala inaongezeka, na noti katika droo yake zinapungua. Ndiyo maana wakala wa kijijini anaweza kukuambia "pesa zimeisha" ilhali simu yako inaonyesha maelfu. Wakulima wa majani chai wakilipwa kwa wakati mmoja, na kila mmoja akataka noti mkononi, droo haina budi kukauka.

Gharama nazo zina ngazi. Tangu mwaka 2020 kutuma shilingi 100 au chini ya hapo ni bure. Kwa viwango vya mwaka 2023, kutuma shilingi 1,000 kulimgharimu mtumaji shilingi 13, na mpokeaji alipozitoa kwa wakala alikatwa 29. Mfanyabiashara wa ndizi kutoka Keroka anayepokea malipo madogo madogo na kuyatoa moja moja hupoteza zaidi kuliko anayeyalimbika na kuyatoa mara moja. Jambo hili ni hesabu ya shule ya msingi, lakini ni wachache walioelezwa.

Kufikia hapo, majina yalikuwa ya kweli. Tuma ni kutuma, toa ni kutoa, na lipa ni kulipa. Mambo yalianza kubadilika huduma zilipoingia katika biashara ya kukopesha.

Okoa Jahazi ilianza mwaka 2009. Mteja huomba salio alipe baadaye, na ada yake ni asilimia 10: aliyeomba la shilingi 50 hupata la 45, na hulipa 50. "Kuokoa jahazi" ni nahau nzuri yenye maana ya kuinusuru hali inayotaka kuharibika. Hebu tazama lakini nani ameokolewa, na kwa bei gani. Nahau inamsifu mwokoaji. Haitaji kwamba mwokoaji anatoza. Linganisha na Airtel, ambao huduma yao ya namna hiyo waliiita Kopa Credo. Jina hilo halina ushairi wowote, lakini mtu yeyote aliyefika darasa la tatu anajua kwamba aliyekopa atalipa.

Novemba 2012 ikafuata M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo iliyoanzishwa pamoja na benki ya Commercial Bank of Africa, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya NCBA. Mkopo wake wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Hapa pana jambo la kiisimu la kuangaliwa: tozo hiyo haikuitwa riba, iliitwa ada ya uwezeshaji. Riba ni neno ambalo watu wamelijua tangu kale, na wengi huliogopa, hata katika dini. "Uwezeshaji" unasikika kama msaada. Anayelipa shilingi 75 juu ya 1,000 kwa mwezi mmoja hulipa vilevile, iwe kwa jina hili au lile.

Januari 2019 ikaja Fuliza, na hii ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi. Ukitaka kulipa shilingi 700 ilhali una 300 tu, Fuliza hukujazia 400 zilizopungua ili malipo yapite. Papo hapo unatozwa asilimia moja, yaani shilingi 4. Baada ya hapo kuna tozo ya kila siku hadi deni liishe. Kwa viwango vya mwanzo, deni la kati ya shilingi 101 na 500 lilitozwa shilingi 5 kwa siku. Kwa hiyo aliyekaa siku 10 na deni la 400 alilipa 4 na 50, jumla 54. Viwango vilipunguzwa mwaka 2022: kwa deni lisilozidi 1,000 siku tatu za kwanza zikawa bila tozo, na kiwango cha deni tulilotaja kikawa shilingi 3 kwa siku. Deni lilelile la 400 kwa siku 10 likawa na gharama ya 4 na 21, jumla 25. Hiyo ni nafuu ya kweli na inafaa itajwe. Lakini kanuni moja haikubadilika: pesa yoyote inayoingia katika simu ya mdaiwa hulipa deni kwanza. Mdaiwa haulizwi.

Sasa tufungue kamusi. Kufuliza ni kuendelea kufanya jambo bila kukoma. Mvua hufuliza, na msafiri hufuliza bila kupumzika. Waliolichagua jina hili bila shaka walikusudia kusema kwamba shughuli zako hazitakatizwa kwa kupungukiwa. Ajabu ni kwamba jina hilohilo linaweza kuielezea pia tozo ya kila siku inayokwenda bila kukoma. Sidhani kama aliyelibuni aliiona maana hiyo ya pili.

Mwaka 2021, nikiwa likizoni karibu na Kebirigo, nyanya yangu aliniita nimsomee ujumbe. Mwanawe wa Nairobi alikuwa amemtumia shilingi 2,000 za dawa, naye alipofika kwa wakala akaambiwa kwamba zipo 640 tu. Alikuwa amekwisha kumtuhumu wakala kwa wizi, tena hadharani, na wakala ni mtu wa kanisa lake. Niliusoma ule ujumbe, kisha nikausoma uliotangulia, na mwingine, na mwingine. Simu yake ilikuwa na deni la huduma moja ya mikopo ambayo jina lake si hoja hapa. Mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa amekopa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Namba ya siri alikuwa nayo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa nyumba.

"Huyo aliyenikopesha ni nani?" nyanya aliniuliza kwa Ekegusii. "Mbona sikumwona?"

Nilimwambia, "Magokoro, ni simu." Akaitazama ile simu kwa muda mrefu. Jioni hiyo alikwenda kumwomba wakala radhi, nami nikamsindikiza.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa zito. Menyu ya M-Pesa humpa mteja hiari ya Kiingereza au Kiswahili. Kwa mkaazi wa Mombasa hilo linatosha. Kwa bibi mzee wa Nyamira Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili au ya tatu, aliyoisikia sokoni na kanisani, na neno linalofanana na analolijua laweza kumpotosha. Chukua neno "baba". Katika Ekegusii, baba ni mama mzazi, na baba mzazi ni "tata". Mtu wa pwani akiokota simu ya Mgusii, akaona imeandikwa "Baba", akapiga kumtafuta mwenye simu, asishangae kuitikiwa na sauti ya mwanamke. Ikiwa neno jepesi kama hilo linaweza kugeuka maana kati ya Kiswahili na Ekegusii, tusitarajie kwamba "fuliza" litafika kijijini likiwa na fasili yake ya kamusi. Litafika kama jina tupu, mfano wa jina la sabuni.

Zipo huduma zilizobuniwa kwa manufaa ya mteja, na majina yake ni wazi, ila hazitangazwi kwa nguvu ileile. Hakikisha humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, na imewaokoa wengi waliokosea tarakimu moja. Aliyekwisha kukosea anaweza kuutuma ujumbe wa M-Pesa kwa namba 456 kuomba pesa zirejeshwe, mradi mpokeaji hajazitumia. Nimewauliza wachongaji wawili watatu wa Tabaka, ambao hupokea malipo ya vinyago vya mawe kutoka kwa wateja wasiowajua, na hakuna aliyeijua namba hiyo. Lakini wote waliijua Tunukiwa. Hili nalo ni jina la kuchekesha kidogo. Kutunukiwa ni kupewa zawadi, na kitenzi kipo katika kauli ya kutendwa, kumaanisha kwamba mhusika hafanyi lolote ila kupokea. Ukweli ni kwamba mteja hununua: hulipa pesa zake, akapata dakika au data kwa bei iliyopunguzwa.

Nyanya sasa ana namba mpya ya siri na hajamwambia mtu, hata mimi. Ujumbe ukiingia, mjukuu yuleyule huusoma kwa sauti naye ameketi kando yake, na anapofika kwenye neno la Kiswahili asilolielewa humsimamisha. Jioni husikiliza Egesa FM, na kila tangazo la huduma mpya linapopita hutuuliza sote tuliopo, kabla hata ya kuuliza jina lake: "Hiyo ni deni, au si deni?"