Injini Inanguruma, Magurudumu Yamegoma

Msomaji wetu mmoja wa Eldoret, mwenye kiwanja chenye mteremko upande wa Elgon View, ameleta swali lililonifurahisha kupita kiasi. Ana mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha. Asubuhi inapanda mteremko bila taabu. Baada ya nusu saa inaanza kulegea, na ikitimia saa nzima inasimama katikati ya mlima hata akikanyaga pedali hadi mwisho. Injini inanguruma vilevile, visu vinakata vilevile. Akiiacha ipoe hadi baada ya chakula cha mchana, inapanda tena kama vile haikuwahi kugoma. Fundi wa kwanza kamwambia injini imechoka. Wa pili anataka kubadilisha mkanda.

Injini tuiache kabisa. Ni kweli kwamba Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi hicho hicho. Lakini imepungukiwa asubuhi na jioni, tena injini iliyochoka ingeanza kuzimika nyasi zikiwa nzito. Mkanda nao una haki ya kushukiwa, kwa sababu ndio unaotoa mzunguko kwenye injini na kuupeleka kwenye puli iliyo juu ya giaboksi ya nyuma, na springi ya kuukaza ikilegea utateleza. Bahati nzuri msomaji ana jicho kali: anasema feni ndogo iliyo juu ya giaboksi inaendelea kuzunguka kasi hata mashine ikiwa imekwama. Feni hiyo imefungwa kwenye shafti moja na puli. Mkanda unafikisha kazi yake mlangoni. Inapotelea ndani ya nyumba.

Ndani ndiko nilikotaka kufika.

Giaboksi ya mashine hii haina gia ya kwanza, ya pili wala ya tatu. Kati ya injini na ekseli kuna oili tu. Pampu inasukuma oili, mota inasukumwa na oili hiyo, na magurudumu yanafuata mota kupitia meno machache ya kupunguza mwendo. Hakuna klachi. Ukikanyaga pedali kidogo unakwenda polepole, ukizidisha unakwenda kasi, ukikanyaga ya nyuma unarudi nyuma, na wakati wote huo injini inazunguka upande ule ule kwa kasi ile ile. Vipi?

Siri ni sahani moja ya chuma iliyoinama, ambayo nitaiita sahani mshazari. Kuna watakaopenda “bamba la kuyumba”, na mimi nalikataa, kwa kuwa bamba lenyewe haliyumbi. Limetulia tuli, na kinachozunguka ni ngoma yenye matundu ya silinda inayoliegemea. Mshazari, basi, na tusonge mbele.

Chukua kiwanja cha mazoezi, maana tuko Eldoret na wanariadha hawakosekani. Kiwanja ni cha duara, nao ni 7, wameachana kwa nafasi sawa, wanazunguka kwa kasi moja. Kila mmoja ameshika fimbo wima kichwani, na ncha ya fimbo imeingia kwenye bomba linalosafiri naye, lililojaa oili na lisilopanda wala kushuka. Kiwanja kikiwa tambarare, watazunguka mpaka magharibi na hakuna fimbo itakayosogea ndani ya bomba. Sasa inamisha kiwanja kizima. Kila mwanariadha, katika kila mzunguko, atapanda nusu ya njia na kushuka nusu iliyobaki. Anayepanda anasukuma fimbo ndani ya bomba na kutoa oili. Anayeshuka anaivuta na kunyonya nyingine. Wapandao wote wako upande mmoja, washukao wote wako upande wa pili, kwa hiyo mifereji miwili tu inatosha: mmoja wa kupokea, mmoja wa kutoa. Inamisha zaidi, wapande zaidi, oili iongezeke. Inamisha kiwanja kwa upande wa kinyume, na waliokuwa wakipanda sasa wanashuka: oili inageuza njia na mashine inarudi nyuma, ilhali wanariadha hawajabadilisha hata mwelekeo wa kukimbia. Katika mashine, kiwanja ni sahani mshazari, fimbo ni pistoni na mabomba ni silinda. Pedali ya msomaji wetu kazi yake ni hiyo moja, kuinamisha kiwanja. Na upande wa mota kuna kiwanja cha pili chenye mwinamo usiobadilika, ambako oili ndiyo inayowasukuma wakimbiaji washuke, wapende wasipende, na katika kushuka wanazungusha ekseli.

Kwa nini 7 na si 8? Hapa nashindwa kujizuia. Pistoni za namna hii karibu kila mara huwa witiri: 5, 7 au 9. Zikiwa shufwa, kila pistoni inayomaliza kupanda ina mwenzake wa upande wa pili anayemaliza kushuka wakati ule ule, na mtiririko unapata pengo. Zikiwa witiri zinapishana, moja ikikoma nyingine iko njiani. Piga hesabu: kwa pistoni 8 mtiririko huyumba kwa asilimia 7.6 hivi, kwa pistoni 7 ni asilimia 2.5 tu. Kuongeza pistoni moja kunaharibu!

Wazo hili si geni. Wamarekani Williams na Janney walilitumia mwanzoni mwa karne iliyopita kuzungushia mizinga ya manowari, na USS Virginia ilifungwa mtambo wao mwaka 1906. Leo sahani hiyo hiyo imo ndani ya kombaini nyingi zinazovuna ngano ya Uasin Gishu, hivyo fundi wa kombaini huenda akalielewa tatizo la msomaji wetu haraka kuliko fundi wa pikipiki.

Sasa ugonjwa. Pistoni haiwezi kubana kabisa ndani ya silinda, la sivyo isingesogea. Kuna upenyo wa maikroni chache, na oili kidogo hupenya na kurudi ilikotoka bila kufanya kazi. Kiasi kinachovuja hutegemea mambo matatu. Shinikizo likiongezeka mara 2, mvujo huongezeka mara 2; ndiyo maana kwenye tambarare hakuna malalamiko, kwa kuwa mlima ndio unaodai shinikizo. Mnato wa oili ukipungua, mvujo unapanda kwa kiwango hicho hicho. Lakini upenyo ukipanuka mara 2, mvujo hauongezeki mara 2. Huongezeka mara 8, kwa sababu unafuata upana uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu.

Tuseme pampu inatoa lita 25 kwa dakika, na ikiwa mpya na baridi, pale mlimani, inavuja nusu lita. Ichakae hadi upenyo uongezeke maradufu: mvujo ni lita 4, mashine inapanda polepole kidogo tu. Au iwe mpya lakini oili ipate moto. Oili ya 20W-50 kwenye nyuzi 40 za selsiasi ina mnato wa sentistoki zipatazo 150. Kwenye nyuzi 100 zimebaki 18 hivi, pungufu ya karibu mara 8. Tena lita 4, tena hakuna anayelalamika. Ziunganishe, pampu iliyochakaa na oili ya moto, na mvujo umeongezeka mara 64 (katika mji uliozaliwa kama Shamba Nambari 64, ambalo wenyeji walilitamka Sisibo, nambari hii imejileta yenyewe). Mvujo sasa ni lita 32. Pampu inatoa 25. Hakuna tone linalofika kwenye mota, na nguvu yote inayoingia kwenye pampu inageuka joto, ambalo linazidi kuifanya oili iwe nyepesi.

Joto hilo lilitakiwa kuondolewa na feni ile ndogo. Hewa nyepesi ya nyanda za juu tayari inaidhoofisha, kisha kuna nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni huku huku kwetu na ambazo masika zinakuwa zulia nene lenye maji. Vipande vyake hujibandika juu ya giaboksi, vikakauka na kuziba mapezi ya kupozea. Aanzie hapo: asugue mapezi na ahesabu kama panga za feni zimetimia. Kisha oili ibadilishwe kwa aina iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Giaboksi nyingi za mashine za nyumbani hazina nati ya kumwagia oili, hivyo itabidi ifunguliwe yote na kupinduliwa. Ikisharudi, magurudumu ya nyuma yainuliwe, wenzo wa kuachia magurudumu ufunguliwe, pedali ikanyagwe mbele na nyuma polepole mara 5 au 6 ili hewa itoke, kisha wenzo ufungwe na zoezi lirudiwe.

Chuma kilicholika hakirudishwi na oili. Oili nzito zaidi itamnunulia msimu mmoja, pengine miwili, kabla ya kutafuta giaboksi nyingine. Kwa sasa akate mteremko kwanza, asubuhi, oili ikiwa bado nzito, na tambarare aiache iwe ya mwisho.