Fahamu: Afya jumuishi na masomo ya mtandaoni

Afya jumuishi ni nini? Ni kumtibu mgonjwa kwa dawa za hospitali huku ukizingatia lishe, mazoezi, msongo wa mawazo na tiba asili anayotumia. Tanzania inaitambua tiba asili kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Kwa nini mtandaoni? Muuguzi wa Ilula, wilayani Kilolo, Iringa, anaweza kusoma bila kuacha zamu.

Atajifunza nini? Kumuuliza mgonjwa tiba anazotumia bila kumkaripia. Anayeogopa kufokewa huficha anachokunywa, ilhali vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na chai ya pakanga (Artemisia)? Shirika la Afya Duniani (WHO) haliipendekezi kwa malaria.