Karani wa Mishahara Katika Zahanati

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Askari hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Hapo zamani malipo yalikuwa gwaride: meza iliwekwa uwanjani, daftari likafunuliwa, askari akaitwa kwa jina, akapiga saluti, akahesabu fedha zake mbele ya afisa na kutia sahihi. Siku hizi fedha hupitia benki na daftari halionekani, lakini mwandishi wake yungali yupo. Leo twapenda kumzungumzia mtu huyo, hasa yule wa zahanati. Maana wengi waliotumikia vikosi vya utabibu hufungua zahanati zao wakisha kustaafu, na wengi zaidi wana wake, waume au watoto walio wauguzi.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba ugonjwa haujui Jumapili wala sikukuu. Kwa hiyo hesabu ya zahanati ni hesabu ya zamu. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yaweka saa 48 za kazi kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na zile za ziada katika sikukuu za taifa hulipwa mara mbili. Tuchukue mfano wa muuguzi apataye shilingi 4,000 kwa saa. Akizidisha saa 6 siku za kawaida, anadai shilingi 36,000; akizidisha saa 8 siku ya sikukuu, anadai 64,000. Jumla ni 100,000. Karani asiyejua sheria atamwandikia 56,000 tu, naye aliyekesha na wagonjwa atapoteza 44,000 asijue zilikokwenda. Kwa mzazi mwenye watoto shuleni, hilo si dogo.

Jambo la pili ni makato. Mfanyakazi wa zahanati ya binafsi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mwajiri huongeza asilimia 10. Katika mshahara wa 1,000,000, hizo ni 50,000 na 100,000. Yaani 150,000 zapaswa kufika kwenye Mfuko kabla ya siku 15 za mwezi ufuatao kwisha. Tangu mwaka 2022, wajibu huo umemfika hata mwajiri mwenye mtumishi mmoja. Hatari iko hapa: makato yakiandikwa katika hati ya mshahara lakini yasipelekwe, mfanyakazi hatahisi njaa leo. Ataihisi uzeeni, atakapokwenda kudai akiba yake na kukuta pakavu.

Jambo la tatu ni majina yasiyo na watu. Mwaka 2003 jeshi la Uganda lilichunguza habari za askari hewa waliokuwa wakichukuliwa mishahara. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliondoa katika orodha zake wafanyakazi hewa zaidi ya 10,000. Huko Kongo fedha za askari zilikuwa zikipitia mikononi mwa makamanda, na nyingi ziliishia njiani. Kuanzia mwaka 2005, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulisaidia kuwahesabu askari na kuitenga njia ya amri na njia ya malipo. Funzo la Kongo lafaa hata zahanati yenye watu wanane: aandikaye majina asiwe ndiye aidhinishaye malipo.

Basi karani apatikane vipi? Aghalabu mwenye zahanati humpa kazi hiyo shemeji au mpwa, kwa kuwa ni rahisi na ni wa nyumbani. Hatusemi kwamba ndugu hafai. Twasema apimwe kama wengine. Yafaa kila mwombaji apewe orodha ya mwezi mmoja yenye makosa matatu yaliyofichwa: muuguzi aliyeacha kazi katikati ya mwezi lakini ameandikiwa mshahara mzima, zamu moja iliyohesabiwa mara mbili, na akaunti moja ya benki yenye majina mawili. Anayeyaona yote na kueleza atakavyoyasahihisha, huyo ajua kazi. Anayeona jumla tu na kusema imelingana, huyo ni hatari kuliko mwizi, maana mwizi atampitia bila kelele.

Tena apimwe ulimi. Mishahara ya watu ni siri, na Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu binafsi. Hatimaye, yeye mwenyewe alipwe vizuri na kwa wakati, kwani mlinzi mwenye njaa hulinda ghala kwa mashaka.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wajua kwamba lindo halishikwi vema na mtu anayewaza kodi ya nyumba. Muuguzi naye yuko lindoni. Mtoto aletwapo saa nane za usiku akitetemeka kwa malaria, yampasa muuguzi kupima dawa kwa akili iliyotulia. Utulivu huo, kwa sehemu kubwa, huandikwa mwisho wa mwezi kwa kalamu ya karani.