Laptopu ya 2012 Kando ya Ziwa

Laptopu za ofisi zilizotumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji wa Nairobi huziita eksi-UK, hutufikia zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa. Anayenunua moja aitumie Kisegi, ufuoni mwa Ziwa Victoria, ajiulize ni kitu gani kitachoka kwanza. Chukua ThinkPad T430 iliyotoka 2012. Prosesa yake haina kipande kinachosogea, na ikipoozwa vizuri hudumu miaka mingi. Betri ndiyo hutangulia.

Betri yake ya kawaida ina seli sita za lithiamu, kila moja ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kadiri inavyochajiwa na kutumika, lithiamu kidogo hunaswa kwenye utando unaoota upande hasi wa seli, isirudi kazini tena. Joto huukuza utando huo haraka, na seli iliyojaa pomoni huchakaa upesi zaidi. Kwa hiyo anayeiacha mashine kwenye chaja kutwa kucha, akihofia stima kupotea, ndiye anayeimaliza betri. ThinkPad hukuruhusu kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, na ningeanza na hilo siku ya kwanza. Betri ikifa, huchomolewa kwa mkono bila kufungua skrubu hata moja.

Wenye sola wana hasara nyingine. Inveta huupandisha umeme wa volti 12 hadi 240, kisha chaja huushusha hadi 20, na kila hatua hupoteza sehemu yake kuwa joto. Kifaa cha kutoka 12 hadi 20 moja kwa moja huokoa umeme mwingi.

Halafu kuna vumbi, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama wingu na kufuata mwanga usiku. Wakiziba feni, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na mwenyewe hudhani mashine imezeeka. Fundi akisafisha feni na kupaka upya ute unaopitisha joto, kasi hurudi. Ukiondoa diski inayozunguka na kuweka SSD, isiyo na kipande kinachosogea, tofauti huonekana tangu kuwaka. Memori nayo hupanda hadi GB 16. Yote haya yanawezekana kwa sababu waliotengeneza T430 walitaka ifunguliwe, sifa ambayo laptopu nyingi nyembamba za leo zimeipoteza, na inaniuma.

Pigo kubwa lilitoka kwenye programu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi hiki. Mfumo wa Linux Mint huikubali bila shida, na ni ya bure.

Umri wa T430 huonekana zaidi kwenye video. Saketi zake za picha husoma video zilizobanwa kwa mtindo wa H.264, lakini si ule wa VP9 unaotumiwa sana na YouTube, hivyo prosesa hubeba mzigo wote, feni huvuma na chaji hushuka mbio. Mwalimu wa Kisegi anayetegemea sola afadhali apakue masomo yake yakiwa H.264 kabla ya jua kutua.