Mlipuko wa Gesi Unavyopimwa kwa Kompyuta

Ghala la mafuta haliwezi kulipuliwa kwa makusudi ili wataalamu wauone ukubwa wa madhara. Kwa sababu hiyo wahandisi huuchunguza mlipuko kwa hesabu za kompyuta. Kazi ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 1980 mjini Bergen, Norwe, kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini, na kutokana nayo ikapatikana programu iitwayo FLACS.

Kwanza huingizwa ramani ya mahali: matangi, mabomba, kuta na ngazi. Kisha nafasi yote hugawanywa katika visanduku vidogo, maelfu kwa maelfu. Katika kila kisanduku, na kwa kila sehemu ndogo ya sekunde, kompyuta hukokotoa kiasi cha gesi, joto, mwendo na msukumo wake, na badiliko la kisanduku kimoja huwagusa majirani zake.

Hesabu hizo, pamoja na majaribio halisi, zimethibitisha jambo moja kubwa. Gesi iliyotanda mahali peupe huweza kuungua bila kishindo kikubwa. Lakini mwali ukipita kati ya mabomba yaliyosongamana, hewa huvurugika, gesi nyingi huungua kwa pamoja, na mwendo wa mwali huongezeka.

Mfano wa kutosha ni Buncefield, Uingereza. Usiku wa kuamkia Jumapili, 11 Desemba 2005, petroli ilikuwa ikijazwa katika tangi. Yapata saa tisa usiku geji ilikwama, ikaonyesha kimo kile kile huku mafuta yakipanda. Geji hiyo ilikuwa imekwama mara 14 tangu mwisho wa Agosti, wala si kila mara iliandikwa katika daftari. Swichi ya akiba nayo haikukata mafuta, kwa kuwa wenzo wake ulihitaji kufuli la kuushika mahali pake, na kufuli halikuwekwa. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika. Saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi mvuke ulilipuka, watu 43 wakajeruhiwa. Hakufa mtu, ingalikuwa siku ya kazi, pengine habari ingalikuwa nyingine.

Kishindo kilizidi makadirio, maana pale palidhaniwa kuwa mahali pa wazi. Uchunguzi ulionyesha kuwa miti na vichaka vya kando ya barabara vilifanya kazi ile ile ya mabomba. Kabla ya hapo miti haikuwa ikihesabiwa kwa kawaida miongoni mwa vizuizi, na kompyuta hukokotoa kile tu ilichopewa.

Chama kinachohifadhi petroli kwa malori yake hakina haja ya programu hiyo. Lakini geji kinayo. Karani anayepokea mafuta hana budi kupima tangi kwa fimbo, kabla na baada, na kuandika vipimo vyote viwili. Fimbo na geji zikihitilafiana, geji itengenezwe kabla ya mafuta mengine kupokelewa.