Kanuni za ploti zinapohamishia hatari chumbani

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, kabla ya saa moja, nililetewa baba mmoja kijana anayeendesha bodaboda Kwa Vonza, pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka mitatu. Baba alikuwa akitapika na kulalamika kwamba kichwa kinampasuka. Mtoto alikuwa amelegea. Mama, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, hakuweza kunitajia siku ya juma. Jirani aliyewaleta alikuwa ameshaamua ugonjwa.

"Daktari, hii ni malaria. Imewapiga wote pamoja."

Malaria haina kawaida ya kuwaangusha watu watatu wa chumba kimoja kwa usiku mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na homa. Nilimwuliza jirani walipikia wapi jana yake. Alijibu kwamba walipikia ndani, kama wapangaji wengine wote, kwa kuwa mwenye ploti amepiga marufuku majiko barazani. Je, jiko lililala wapi? "Ndani pia, daktari. Usiku kulikuwa na baridi." Dirisha lilikuwa limefungwa. Jirani alisikia kishindo cha mtu kuanguka, akaenda kuwaamsha, lakini mlango ulikataa kufunguka vizuri kwa sababu pikipiki ilikuwa imeegeshwa nyuma yake. Ilibidi vijana wawili waje kumsaidia kusukuma.

Tuliwapa oksijeni na kuwapeleka hospitali kubwa. Baba na mtoto walipata nafuu siku hiyo hiyo. Mama naye alipona, lakini mtoto aliyekuwa tumboni hakuishi.

Nimekuwa nikiifikiria sana ile karatasi iliyobandikwa kwenye lango la ploti yao. Ilisema hivi: hakuna kupika barazani, hakuna kuegesha pikipiki uani, lango hufungwa saa nne usiku. Hizo ni kanuni tatu ambazo mtu yeyote angeziona kuwa za busara. Hata hivyo, zikiwekwa pamoja, ndizo zilizoingiza moto, petroli na watu watatu katika chumba kimoja chenye mlango mmoja.

Mji uliokua haraka

Wasomaji wanaoifahamu barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui watakumbuka Kwa Vonza ya zamani, soko dogo la kushukia watu na mizigo. Mwaka 2008 eneo hilo lilipata chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 chuo hicho kikapewa hati na kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kilifungua bewa lake huko. Wanafunzi walihitaji mahali pa kulala, na wenye mashamba wakajenga ploti: safu za vyumba vinavyotazamana, baraza nyembamba, ua mmoja, choo cha pamoja na lango la chuma. Baada ya wanafunzi wakaja wauza duka, mafundi na waendesha bodaboda pamoja na familia zao.

Katika mitaa ya wenye nafasi jijini Nairobi, mambo ya maegesho na matumizi ya nyumba huamuliwa na vyama vya wakazi. Kwa wanaomiliki nyumba katika jengo moja, Sheria ya Umiliki wa Nyumba kwa Sehemu ya mwaka 2020 inaunda shirika la wamiliki lenye kanuni zake. Huko Marekani vyama vya wenye nyumba vinaweza kumtoza mtu faini kwa kuacha gari mahali pasipotakiwa. Mkazi wa huko anaweza kuchukizwa na kanuni, lakini angalau ana mkutano wa kwenda kulalamika.

Mpangaji wa chumba kimoja Kwa Vonza hana mkutano. Ana karatasi ya langoni na mtunza ploti. Asipoipenda kanuni anahama, au anaivunja kimyakimya ndani ya chumba chake. Sisi madaktari hukutana na wale waliovunja kimyakimya.

Sumu isiyo na harufu

Wengi huamini kwamba jiko la makaa ni hatari linapotoa moshi tu, na kwamba makaa yakishakolea na kuwa mekundu yanaweza kuingizwa ndani bila wasiwasi. Imani hii imeua watu wengi. Makaa yanayowaka katika hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Makaa mekundu huitoa, na hata yale yaliyofunikwa na jivu huendelea kuitoa kwa saa nyingi.

Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia chembe nyekundu. Kaboni monoksaidi hujishikiza kwenye chembe hizo kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mtu anaweza kuwa anapumua vizuri huku ubongo na moyo wake vikikosa oksijeni. Mtoto aliye tumboni huathirika zaidi kwa sababu damu yake huishika sumu hiyo kwa nguvu zaidi, na huchukua muda mrefu zaidi kuiachilia kuliko damu ya mama. Ndiyo maana mama anaweza kuonekana ameshapona ilhali mtoto yuko taabani.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu na akili kuchanganyikiwa. Aliyelala huenda asihisi lolote. Dalili hizi hufanana na za malaria au chakula kibaya, kwa hiyo jiulize maswali mawili. Je, wote waliolala chumba hicho wameugua kwa wakati mmoja? Je, wanapata nafuu wakitoka nje? Jibu likiwa ndiyo, mwambie daktari habari za jiko kabla hajakuuliza. Hata kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganyika, kwani aghalabu hakiwezi kutofautisha oksijeni na sumu hii, na kinaweza kuonyesha kwamba mgonjwa yuko sawa.

Kuweka ndoo ya maji kando ya jiko hakuzuii sumu. Kutundika kitambaa kibichi mlangoni hakusaidii. Kuacha ufa dirishani si kinga ya kutegemea. Kinga ya hakika ni jiko la makaa kulala nje.

Pikipiki iliyolala na watu

Nimewauliza waendesha bodaboda kadhaa kwa nini hulala na pikipiki chumbani. Jibu lao ni moja: pikipiki iliyoachwa nje huibwa, na mara nyingi mkopo wake haujaisha. Siwezi kumlaumu mtu anayelinda chakula cha watoto wake. Hata hivyo, hatari zake ni tatu, na kila mpangaji anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni, mahali pale pale ambapo jiko, kibatari au stovu hukaa. Tangi linalovuja kidogo tu linatosha kuwasha chumba.

Ya pili ni injini. Ile desturi ya kuiwasha ndani alfajiri ili ipate joto hujaza chumba kaboni monoksaidi kwa dakika chache, huku watoto wakiwa bado wamelala. Isukume hadi nje kwanza, kisha uiwashe.

Ya tatu ni mlango. Pikipiki iliyoegeshwa mlangoni huwafungia watu ndani moto unapozuka, na huwazuia waokoaji kuingia.

Pia nahudumia watoto wengi waliochomwa ndama za miguu na bomba la moshi la pikipiki iliyotoka tu kazini. Aliyechomeka amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunikwe kidonda kwa kitambaa safi na kupelekwa zahanati. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Niliporudi kwenye ploti ile

Majuma mawili baadaye nilikwenda kwenye ploti hiyo pamoja na afisa wa afya ya umma wa eneo hilo. Nilitarajia kukutana na mtu mkali. Nilimkuta mama mzee aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akichambua pojo. Kifo cha yule mtoto kilikuwa kimemwumiza.

"Mwaitu," nilimwambia, kama tunavyowaita akina mama wenye umri huo huku Ukambani, "tumekuja tuzungumze juu ya zile kanuni za langoni."

"Mwanangu daktari, nilizitoa kwa wema," alisema. "Angalia dari ya baraza, imekuwa nyeusi kama sufuria. Kuna mtoto alimwagikiwa na uji hapo. Hizo pikipiki nazo zilimwaga oili uani mpaka mpangaji mmoja akateleza na kuvunjika mkono. Nikasema basi, yaishe."

Maneno yake yalikuwa ya kweli. Jiko barazani huchoma watoto, na oili uani huvunja mikono. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Mwaitu, ulipowakataza kupika hapa, uliwaonyesha wakapikie wapi?"

Mama alinyamaza kidogo. "Sikuwaonyesha," akasema. "Nilidhani watajua wenyewe."

Kosa lilikuwa hapo. Kanuni ilisema jiko lisikae wapi bila kusema likae wapi. Kazi ya kupika haikuisha, na pikipiki haikuacha kuhitaji mahali pa kulala. Vyote viwili vilihamia mahali ambapo mwenye ploti hawezi kuona.

Siku hiyo walikubaliana mambo manne. Pembeni mwa ua lingejengwa banda la mabati lililo wazi pande tatu, la kupikia na la kuwekea majiko usiku. Karibu na lango, mbali na banda hilo, kingechimbiwa chuma kinene cha kufungia pikipiki kwa mnyororo, na wenye pikipiki wangechanga fedha za taa. Njia ya kutoka vyumbani hadi langoni ingeachwa wazi saa zote, hata na gari la mwanawe mama huyo ajapo kumtembelea. Lango lingeendelea kufungwa saa nne, lakini ufunguo wa pili ungekaa kwa mpangaji mmoja anayelala ndani, kwa ajili ya mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imekuwako tangu mwaka 1921. Inakataza mtu kuacha katika ardhi au nyumba yake hali yoyote inayoweza kudhuru afya, na miongoni mwa hali hizo inahesabu nyumba iliyojaa watu kupita kiasi na ile isiyoingiza hewa ya kutosha. Afisa wa afya ana uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba ilani ya kuondoa hatari hiyo. Mpangaji ana haki ya kumwendea afisa huyo na kumwomba afike kukagua.

Lakini ushauri wangu ni kuanza kwa mazungumzo. Wapangaji wachague wawili au watatu miongoni mwao wakazungumze na mwenye ploti, wakiwa na pendekezo la mahali pa jiko na mahali pa pikipiki. Mwenye ploti naye, kabla ya kubandika kanuni mpya, ajiulize: nikikataza jambo hili hapa, litahamia wapi?

Ukimkuta mtu amelewa moshi

Fungua mlango na madirisha yote. Usikae ndani humo, kwani sumu hiyo haitakuchagua. Mtoe mgonjwa nje haraka, kisha toa jiko. Asiyejitambua lakini anapumua alazwe ubavu, wala asinyweshwe maziwa wala maji. Mpeleke hospitali hata akisema amepona, hasa akiwa mjamzito, mtoto au mzee. Katika hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu hiyo. Akipewa oksijeni safi kwa kinyago, muda huo hushuka hadi takriban saa moja na nusu.

Mwezi uliopita nilipita tena Kwa Vonza nikaingia kwenye ploti ile. Banda limesimama, na majiko sita yalikuwa yamepangwa chini yake. Karatasi ya langoni imeandikwa upya. Yule kijana wa bodaboda bado anaishi pale na mkewe. Alinionyesha pikipiki yake ikiwa imefungwa kwa mnyororo, kisha akaniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa akiamka mara mbili usiku kuchungulia kama ingalipo. Siku hizi, alisema, haamki tena.