Kwa nini dawa ya kichocho humezwa kila mwaka

Swali linalojirudia katika barua za wafadhili na katika vikao vya kamati za sharika zilizo kando ya ziwa ni hili: ikiwa watoto walimeza dawa ya kichocho mwaka jana, mbona mwaka huu wanakutwa tena na mayai ya minyoo kwenye choo? Je, dawa haifanyi kazi?

Inafanya. Ila ina mipaka yake, na tangu mwaka 2019 tunaijua dawa hiyo vizuri zaidi.

Huku ufukweni, Magu, Sengerema, Ukerewe na Kome, kichocho kilichoenea ni kile cha tumbo. (Cha kukojoa damu kiko zaidi bara, kwenye mabwawa na majaruba ya Kwimba na Misungwi.) Minyoo yake, dume na jike wameshikamana, huishi kwa miaka ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanayonasa kwenye ini ndiyo yanayovimbisha tumbo, na baadaye mgonjwa anaweza kutapika damu.

Prazikwanteli ilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1970. Mamilioni ya watu waliimeza kwa takribani miaka 40 bila mtaalamu yeyote kujua inamshika mnyoo wapi hasa. Mwaka 2019 timu ya Profesa Jonathan Marchant, wa Medical College of Wisconsin nchini Marekani, ilitangaza kuwa imepata mahali penyewe.

Seli za mtu na za mnyoo zina ukuta mwembamba wenye vimilango, ambavyo wataalamu huviita mifereji ya ayoni. Vikifunguka, chembe zenye chaji ya umeme kama sodiamu na kalsiamu hupita. Hivyo ndivyo neva zinavyopeleka habari na misuli inavyojikunja. Sindano ya ganzi ya kung'olea jino huziba vimilango vya aina hiyo. Prazikwanteli hufanya kinyume: hufungua kimlango kimoja cha mnyoo na kukiacha wazi. Kalsiamu humfurika, anakakamaa, ngozi yake inaharibika, anaachia mshipa na kusombwa na damu hadi kwenye ini, ambako kinga ya mwili humshambulia.

Wafugaji wetu wanawafahamu minyoo bapa wa ini la ng'ombe. Ni jamaa ya minyoo ya kichocho, lakini prazikwanteli haiwawezi. Mwaka 2021 timu hiyohiyo ilieleza sababu: pale dawa inapojishikiza, kimlango chao kinatofautiana kwa kipande kimoja tu cha protini. Tofauti ndogo kama hiyo inatosha kuishinda dawa.

Sasa turudi kwenye swali. Mnyoo mchanga, aliyeingia mwilini wiki mbili au tatu zilizopita, haidhuriki sana na dawa hii. Atakua na kuanza kutaga. Pia dawa hutoka mwilini baada ya saa chache, haikingi kama chanjo. Mtoto aliyemeza asubuhi akienda mwaloni kesho kuchota maji au kuosha dagaa, anaweza kuambukizwa upya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba tunategemea dawa moja. Mwaka 2021 watafiti wa Texas walieleza juu ya minyoo ya maabara iliyostahimili prazikwanteli, na tofauti ikaonekana katika eneo la jeni la kimlango kilekile. Walipochunguza minyoo kutoka Afrika na kwingineko, mabadiliko ya kukizima kimlango hicho yalikuwa nadra. Hiyo ni habari njema, ila si sababu ya kuacha kuangalia.

Kwa kamati zinazopanga bajeti: msifute fungu la uji wa siku ya kumeza dawa. Dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na chakula, na mtoto mwenye njaa huumwa tumbo na kizunguzungu, kisha mwaka ujao anajificha. Wala msiligeuze fungu la vyoo vya mwaloni kuwa la vidonge. Wavuvi na wanawake wanaoanika dagaa hawapo shuleni siku ya ugawaji, na kinyesi kinachofika ziwani hulisha mzunguko kupitia konokono.

Watoto walio chini ya umri wa shule walikosa dawa yao kwa muda mrefu. Prazikwanteli ya kawaida ni mchanganyiko wa nusu mbili na moja tu ndiyo inayofanya kazi, ndiyo maana kidonge ni kikubwa na kichungu. Dawa mpya, aprazikwanteli, ina ile nusu inayofanya kazi peke yake, na huyeyushwa kwenye maji. Ilijaribiwa Kenya na Kodivaa, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kwa watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita.